Tope Lililomwagika Rodi Kopany

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, lori la kituo cha majitaka lilikuwa likipanda kuingia Rodi Kopany mlango wa nyuma ulipofunguka. Tope likamwagika mpaka sokoni. Kaltum, muuza mitumba, akapoteza marobota mawili.

Ijumaa hii Mirumbe Maroa, mkaushaji wa tope kituoni, ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akilaumiwa kwa ajali hiyo. Akishindwa kujitetea, kazi yake ya miaka kumi na tisa imekwisha.

Asubuhi ya leo amepiga magoti kando ya kitanda cha mchanga wanachokaushia tope. Anachomeka kidole kwenye ufa.

"Ufa ukimeza kidole mpaka hapa, tope limekauka," anasema. "Ile ya Machi ilikuwa uji. Niliwaambia. Lakini mimi ni nani wanisikize?"

Kituo kina vitanda sita. Vinne kati ya hivyo, wakubwa wa kituo wamevigeuza maegesho ya magari yao. Tope lote likarundikwa kwenye viwili, kimo cha goti. Juu likakauka, chini likabaki maji, na lori likawa linabeba maji hayo hadi jalalani: safari kumi na nne kwa mwezi, kila moja shilingi elfu tisa.

Mirumbe hulipwa mia sita arobaini kwa siku. "Pesa ya kubeba maji iko. Ya glavu, ati bajeti imeisha!"

Dawa ya tope aliijua kwa mkewe, marehemu Benta, aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, huko Karungu. "Alikuwa ananigombeza: 'Baba Liz, ukirundika, juu inakudanganya na chini inaoza. Tandaza!'"

Baada ya ajali, alitandaza tope kwenye kitanda kimoja, unene wa shubiri tu. Siku nane za jua, likapasuka vipande. Safari moja ikafanya kazi ya safari tatu.

"Mzee, leo umenipakilia biskuti!" dereva Okemwa anamtania. "Unataka nikose safari?"

"Beba biskuti zako, bora usimwage," Mirumbe anajibu bila kucheka.

Anachotaka ni vile vitanda vinne virudi. "Wakinifukuza watarundika tena. Na litamwagika tena, pengine mlangoni pa shule."

Lakini kuna karatasi. Lori halipiti getini bila fomu ya kuthibitisha kwamba tope limekauka. Fomu ya siku ile ina jina la Mirumbe, na juu yake saini ya kalamu, imepinda vizuri kama ya mwalimu.

Mirumbe aliacha shule darasa la pili. Fomu zake zote za miaka kumi na tisa zina alama ya kidole. Alipomwuliza meneja wa kituo kuhusu saini hiyo, meneja aliinamia simu yake. Gazeti hili liliuliza pia, halikujibiwa.

Mirumbe anainua kidole gumba, wino wa zambarau ungali kwenye kucha.

"Kalamu yangu ni hii. Sasa ile ingine ni ya nani?"