Koti Nililolitoa Chini ya Rundo

Nilipohamia Kalemie kwa shangazi, nikitokea Kigoma ng'ambo ya ziwa, kitu cha kwanza kunivutia kilikuwa soko la mitumba. Nguo zimemwagwa juu ya maturubai uwanja mzima, na kila mtu ana ruhusa ya kuchimba. Jioni moja nilikwenda na mwenzangu wa darasani, tukasimama kwa mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa.

"Chagueni, lakini musifike chini kabisa," akasema.

Ukiniambia nisifike chini, umenituma huko. Nilizamisha mkono mpaka begani, nikaibuka na koti la jeshi, lenye madoa yake yote. Nikalivaa. Nilitaka kumwigiza kidogo tu prefe, mkuu wa shule yetu anayetuamrisha kama askari, mwenzangu acheke.

Mama chungwa likamdondoka. "Mutoto, vua iyo. Nililificha nikalichome. Raia akionekana nalo wanamushika, na mimi mwenye kuuza wananibeba pamoja naye."

"Sawa, kamanda," nikampigia saluti.

Hapo filimbi ikalia.

Kando ya soko kuna ofisi ya serikali, na jioni wanashusha bendera. Shuleni nilishazoea kusimama wima. Sikujua kwamba huku soko zima linaganda. Pikipiki zikazimwa, mtu aliyekuwa akijaribu kiatu akabaki na mguu mmoja hewani. Anayesogea anaitwa kujieleza. Na mimi nimeganda juu ya rundo, mkono kwenye paji la uso, koti la jeshi mwilini. Angalau saluti ilikuwa sahihi.

Mbele yangu polisi alikuwa akiitazama bendera, amenipa mgongo. Filimbi ya pili ikilia, atageuka.

"Usivue," mama akanong'ona, midomo haichezi. "Ukitingishika tu, atakuona."

Bendera iliteremka, nami nikaiomba ikwame. Mwenzangu aliyekuwa akicheka sasa alikuwa amefumba macho anasali. Nilijaribu kusali pia, nikakumbuka sala ya chakula peke yake.

Filimbi. Kabla sijapumua, pazia zito likaniangukia kichwani, likanifunika mpaka magotini.

"Mama, pazia iyo ni bei gani?" Ilikuwa sauti ya polisi. Chini ya upindo niliziona buti zake.

"Imeshanunuliwa, papa. Mwenyewe njo huyu, anaipima."

"Anaipima kichwani?"

Buti zikasogea karibu.

"Ana malaria, papa. Anasikia baridi. Muangalie anavyotetemeka."

Kutetemeka huko sikukuigiza.

Buti zilikaa pale, zikakaa. "Basi mumupeleke hospitali," polisi akasema mwishowe, akaenda zake.

Nililivua koti humo humo ndani ya pazia. Mama akalipokea, akalikalia, akaliokota chungwa lake lenye vumbi na kunipa.

"Kula. Halafu saa ya bendera nisikuone tena hapa kwangu."

Nilikula lote na vumbi lake, pazia likiwa bado kichwani.