Mzee Shaba na Mstari wa Sumaku

Walimwita Mzee Shaba kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na chuma hata cha dawa. Sufuria zilikuwa za shaba, vijiko vya mbao, na kitanda kilishikamana kwa vigingi. Majirani walimtania kwamba pepopunda haitampata hata akiitafuta kwa tochi.

Kazi yake ilikuwa kutunza kipima-sumaku, kilichokaa katika kibanda kilichopakana ukuta mmoja na chumba chake cha kulala. Sumaku ya dunia, alivyoelezwa na mtaalamu wa makao makuu, haitulii. Huko juu angani hupita mawimbi, nayo ikatikisika kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa upande mmoja. Mawimbi hayohayo ndiyo huipa umbo mianga ya rangi inayoonekana karibu na ncha za dunia: hapa pazia lenye mikunjo, pale mabaka yanayowaka na kuzima. Mzee Shaba hakuwahi kuiona mianga yenyewe. Alichokiona ni mstari kwenye skrini, na aliulinda kama mboni ya jicho, maana chuma kikisogea karibu mstari huruka, na mtaalamu akadhani ni wimbi.

Kisha mkewe, Mama Pacha, akateleza bafuni akavunjika paja, na hospitali wakamtia chuma cha kudumu. Tangu hapo, ili asiurushe mstari, aliishi kwa dada yake, na yeye na mumewe wakawa wanaonana getini kama wachumba waliokatazwa na wazazi. Kuacha kazi mzee hakuthubutu. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kwa umri ule nani angemwajiri? Aliomba kibanda kihamishwe, akaambiwa asubiri. Subira huvuta heri, wanasema. Yake ilivuta jibu lilelile kila alipouliza.

Asubuhi moja Mama Pacha akapita getini bila kuuliza mtu, akaingia chumbani, akakaa kitandani.

"Nimechoka kuwa mgeni wa mume wangu," alisema. "Leo nalala kwangu."

Mzee Shaba alifurahi, na hapohapo akaogopa. Simu ikalia. Mtaalamu alisema kamera za kaskazini zimenasa mabaka ya mianga, na mstari nao umeruka wakati uleule. Je, ni wimbi, au kuna chuma ndani?

Mzee alimtazama mkewe. Alitaka kusema mke wangu amerudi.

"Kuna chuma kidogo, bwana," alisema. "Nitakiondoa."

Mama Pacha alishika fimbo yake ya mbao, akajiinua, akaukataa mkono alionyoshewa, akatoka. Simu ilikuwa ya waya, na waya haukufika mlangoni. Mzee alisimama pale ulipoishia, akisikiliza fimbo ikigonga sakafu ya ukumbi, kisha changarawe ya nje.

"Naam, sasa mstari umetulia," mtaalamu alisema. "Ahsante, mzee. Bila wewe tungeharibikiwa."