Hodi ya Tatu

Narjis wa mtaa wa Kiponda alikuwa na mdomo. Hodi haijamalizika mlangoni, yeye keshaitika kutoka ghorofani, "Karibuuu!" mpaka njiwa wanaruka mapaani. Alikuwa na miaka kumi na miwili korona ilipoingia na skuli zikafungwa. Bibi yake ana pumu, basi mama yake, Bi Zarina, akatoa amri: "Hodi ikipigwa, kimya. Hatupo." Mkate na mboga vikapandishwa dirishani kwa kikapu cha kamba, na maradhi yasiyojua hata kubisha yakafanywa yaamini kwamba nyumba ni tupu.

Skuli zikafunguliwa. Watu wakarudi sokoni Darajani kukoholeana kwa furaha. Ile amri tu, hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Narjis alirudi darasani kama kitu cha kuazima. Mwalimu akimwita, anatazama dawati. Nyumbani akawa mwepesi wa kufura: ukimuuliza kama anataka chai, analia; usipomuuliza, analia kwa nini hakuulizwa. Na hodi ikipigwa, moyo unamwenda mbio, ulimi umelala.

Wataalamu hawakukosekana. Jirani alisema jini. Mwengine akasema simu. Mjomba Dawood, ambaye hajapata kulea hata paka, akasema ni umri, akampigia marufuku pilipili. Miaka miwili ikapita, pilipili ikarudi, sauti bado.

Aliyebaki ni Faiza, shoga yake. Kila Ijumaa jioni husimama chini ya ngazi akapiga hodi tatu, na kwa kuwa kalelewa, ya tatu isipojibiwa huondoka. Narjis humchungulia dirishani mpaka mtandio upotee kwenye kona, kisha humwagikwa na machozi.

Ijumaa hii Faiza alikuja kachoka.

"Hodi! We Narjis, umo, nnaiona pua yako!"

Narjis akairudisha pua ndani.

"Hodi! Leo ndo mwisho, mwenzangu. Mie siwezi kufanya urafiki na mlango. Ntakwenda zangu kwa Fathiya, yeye huitika."

Bibi alikuwa kitandani anakunja tambuu yake ya kutafuna. "Mjibu mwenzio."

"Mama alikataza."

"Alikataza lini?"

"Wakati wa korona."

Bibi akaiweka tambuu chini. "Mtoto we! Korona yenyewe nshaiugua, nkapona, nkaisahau. Wewe bado unanilinda?"

Narjis akaliacha dirisha, akamgeukia. "Nikimkaribisha mtu halafu ukafa?"

"Ntakufa siku yangu ikifika, na siku hiyo haitosubiri karibu yako." Akamvuta, akampangusa uso kwa pembe ya kanga. "Haya, nenda. Mimi nipo."

Chini, Faiza akavuta pumzi.

"Hodi!"

Narjis akashika kizingiti cha dirisha. Sauti iliyotoka ilikwaruza kama ya jogoo mchanga.

"Ka... karibu."

Faiza akainua kichwa. "Nani huyo? Mmeweka mwanamme humo?"

"Karibu, nshasema! Panda, mshenzi we!"

Njiwa wote wakaruka.