Reli ya Wageni

Verlene Tolliver namjua tangu alipoletwa bibi harusi katika nyumba ile inayotazamana na yangu, na nawaambieni, hakuolewa na Orrin peke yake, aliolewa na nyumba. Mchana alishona magunia kwenye kiwanda cha sukari. Jioni alipanda ngazi na msasa wake, akikwangua rangi kuukuu ubao kwa ubao. Orrin akimwita kula, humjibu, "Kula tu, mwenzio nina kazi." Yale madirisha ya mbao mnayoyasifu leo ni yeye aliyeyaokoa, enzi ambazo mtaa mzima tulikuwa tunang'oa na kutia ya alumini.

Kisha mji ukajiundia kamati ya nyumba za kale. Mungu wangu! Wale wale waliotia alumini ndio wakageuka wajuzi. Sheria yao ni moja: kisichoonekana kwenye picha ya zamani ya nyumba yako, hukiweki mbele ya nyumba yako.

Majira ya baridi yaliyopita Verlene alivunjika nyonga. Akarudi kutoka hospitali na mkongojo, akabebwa hadi barazani, na hapo ndipo alipokwama, maana zile ngazi za mawe hazina pa kushika. Orrin naye magoti yamekwisha. Akaenda kwa kamati kuomba reli, chuma tu cha kushikilia. Mwenyekiti, Philippa Garrick, akavaa miwani na kuitazama picha ya nyumba ile, ya mwaka 1909.

"Reli siioni, mzee wangu."

"Utaionaje? Waliokaa humo walikuwa vijana."

"Pole sana. Lakini kanuni ni kanuni."

"Pichani pana mbuzi," Orrin akasema. "Mbuzi naruhusiwa?"

Philippa akatazama tena. "Mbuzi, ndiyo."

Jamani! Nilikuwepo, nikacheka, kisha hasira zikanipanda. Kiangazi chote Verlene alikaa barazani akiyatazama kutoka juu mawaridi aliyoyapanda kwa mikono yake. Niliyamwagilia mimi, na matusi nikala mimi: "Sivyo hivyo, shoga! Unayanywesha au unayaosha?" Nikigeuka kuondoka, namwona anajifuta macho.

Ikafika Septemba, ile Jumamosi watu wanapokata tiketi na kupita majumbani mwetu kuzitazama nyumba za kale, viatu vimevalishwa vifuniko vya karatasi. Asubuhi nachungulia dirishani, naona nini? Vijana wa kamati wanafunga reli kwenye ngazi za Verlene! Nikavuka barabara na kandambili zangu.

"Hii ya nani?"

"Ya wageni," Philippa akasema. "Mgeni akianguka tutashtakiwa. Usiwe na wasiwasi, jioni tunaitoa."

Ya wageni! Mwenye nyumba avunjike nyonga ya pili, hiyo haiwahusu. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa.

Verlene aliyasikia yote kutoka barazani. Wageni wakapanda, wakashuka, wakayasifu madirisha. Wa mwisho alipoondoka, vijana wakaja na spana. Hapo Verlene akainuka, akauegemeza mkongojo mlangoni, akaishika reli kwa mikono miwili na kuanza kushuka. Hatua moja, anapumzika. Nyingine, anapumzika. Alipofika chini akaliinamia waridi moja.

"Umeyakausha, shoga," akaniambia. Reli hakuiachia.

"Verlene, mpenzi, vijana wanataka kwenda nyumbani," Philippa akasema.

"Wafungue basi. Mikono yangu siitoi."

Kisha akamwita mumewe.

"Orrin! Lete kamera."

"Ya nini, mama?"

"Nipige picha nikiwa nimeishika, na nyumba yote ionekane. Atakayezeekea humu baada yetu asije akaambiwa haikuwepo."

Vijana wakarudisha spana mfukoni bila kumtazama Philippa. Orrin akapiga. Picha imetoka imepinda, lakini reli inaonekana.