Bado Vifungo Tu

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Vifungo hakuwahi kumwambia mteja kwamba nguo yake haijaguswa. Kitambaa kingeweza kuwa rafuni kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, kamba haijafunguliwa, na bado angekutazama usoni kwa upole wote aliopewa na Mungu akakwambia, "Bado vifungo tu. Pitia Ijumaa." Jina lilianzia kwa muuza vyombo wa mlango wa pili, likavuka barabara hadi kwa kinyozi, mwisho likaingia nyumbani kwake. Wageni wakiuliza kama chakula kiko tayari, mumewe huwajibu kwa uso mkavu kwamba bado vifungo tu.

Msije mkadhani alikuwa tapeli. Alikuwa fundi, tena fundi haswa. Ukisimama tu mlangoni pake alishajua kwamba bega lako la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na hakusema kitu. Alilinyanyua kwa sponji na mshono, ukatoka pale umenyooka, hujui hata kwamba bega lako liliwahi kuwa na kasoro. Ndiyo maana watu walimvumilia. Walimlaani njia nzima wakija, wakamsifu njia nzima wakirudi.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: neno "siwezi" lilimshinda. Alianza kazi barazani kwa cherehani ya kuazima, na siku nyingine jua lilizama hajapata hata mtu wa kubadilisha zipu. Hofu ile haikumtoka hata alipopata chumba chake chenye mlango wa kioo na masanamu mawili ya kuvalisha nguo. Mgeni akikata kona na mfuko mkononi, Bi Vifungo alimpokea kama vile hatakuja mwingine tena maishani. "Unaitaka kesho kutwa? Inawezekana, mama." Na kweli huyo wa kesho kutwa aliipata. Waliopigwa kalenda ni wale waliozoeleka.

Aliyeamua kumnyoosha ni binti wa dada yake. Huyu alikuwa mama wa watoto wawili, anatengeneza sabuni ya maji jikoni kwake na kuiuzia nusu ya mtaa, na mwezi ule alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya siku tatu ya wafanyabiashara wadogo. Alirudi na daftari lililojaa na hamu ya kumfundisha mtu. Mama yake mzazi alimkimbia, ikawa zamu ya mama mdogo.

"Mama mdogo, nisikilize," alisema, akavuta kigoda. "Asubuhi, kabla hujagusa cherehani, andika kazi tatu. Tatu tu. Hizo zikiisha ndiyo unaanza nyingine. Simu unaiweka mbali. Na kila nguo iliyokamilika unaipiga picha, unaiweka stetasi, watu wote wenye namba yako waione. Una mkono wa ajabu wewe, lakini umejificha humu ndani kama unadaiwa na serikali."

"Kazi tatu? Mwanangu, mimi nina kazi thelathini na moja."

"Ndiyo maana haiishi hata moja."

"Zinaisha. Ni vile tu bado..."

"Mimi usiniambie habari za vifungo."

Bi Vifungo alicheka hadi akashika meza. Hayo ya kuandika aliyasikia kwa sikio moja, ila ya picha yalimwingia, maana yalinukia wateja wapya.

Jumatatu, siku waliyopanga kupiga hizo picha, simu iliita asubuhi na mapema. Alikuwa Mwalimu. Huyu ndiye mteja wa kwanza kabisa, aliyemkuta kule barazani enzi zile na sketi iliyochanika njiani, akasubiri ndani kwa jirani amejifunga shuka hadi ikashonwa. Kesho yake alileta walimu wenzake wanne, na hao wakaleta mawifi zao. Tangu siku hiyo hajawahi kuvaa nguo ya fundi mwingine. Sasa alikuwa anastaafu. Jumamosi shule nzima ingemuaga, na wiki tano nyuma alikuwa ameleta kitambaa cha zambarau alichokitafuta mwenyewe duka kwa duka.

"Mdogo wangu, Jumamosi ndiyo hiyo. Gauni langu likoje?"

"Aa, Mwalimu, wasiwasi wa nini? Bado vifungo tu."

Alisema hivyo huku akipiga pasi gauni la mwanamke mmoja ambaye hakumjua hata jina. Huyo alikuwa ameleta kitambaa chake Alhamisi iliyopita tu.

Mchana binti wa dada alifika, akafagia nyuzi, akalivisha sanamu lile gauni la mwanamke wa Alhamisi, akapiga picha nne. Zikaenda stetasi saa saba. Kufikia saa nane simu ilikuwa inalia kama kifaranga: mioyo, makofi, "fundi unatisha", "nami nataka hivi hivi". Bi Vifungo hakushona hata mshono mmoja jioni ile. Kila akikaa kwenye cherehani aliinuka tena kutazama nani mwingine kaona.

Jumanne saa mbili asubuhi Mwalimu alisukuma mlango wa kioo. Alikuwa amevaa viatu vyake vya shule, na alipovutiwa kiti hakukaa. Alitoa simu, akaifungua ile picha, akaikuza kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini?"

Bi Vifungo akatazama. Nyuma ya bega la sanamu, rafu ya pili, ndani ya mfuko angavu, kilikuwepo kitambaa cha zambarau kimekunjwa mara nne, na kamba ya dukani bado imefungwa kwa lile fundo la muuzaji.

"Mwalimu..."

"Jana asubuhi uliniambia bado vifungo."

"Mwalimu, ni kwamba..."

"Na gauni langu halina vifungo. Tulikubaliana zipu."

Angefoka, Bi Vifungo angejua la kufanya. Wanaofoka aliwazoea: unawapa soda, unawasifia viatu, wanatulia. Mwalimu hakufoka. Aliomba apewe kitambaa chake, akakiweka kwapani, akamshukuru kwa miaka yote ile, akafungua mlango na kuurudisha taratibu usigonge.

Kabla ya adhuhuri walikuja wengine wawili nao wameikuza picha. Hao aliwamudu. Kisha akaja binti wa dada, amesikia, macho yamemwiva.

"Nimekuharibia, mama mdogo."

"Hapana, mwanangu. Wewe umenipiga picha tu."

Alipobaki peke yake alishika tama, akaitazama rafu. Hakuwahi kuitazama hivyo. Pale palikuwa na sketi ya dada yake tangu mwaka jana. Palikuwa na suruali ya mumewe, ambaye alikuwa ameshaacha kuiulizia. Palikuwa na mashati ya muuza vyombo, yule aliyemkopesha meza alipohamia, na pengo palipokuwa na mfuko wa zambarau. Kwenye masanamu na kwenye kamba ya nguo zilizokamilika hapakuwa na nguo hata moja ya mtu aliyemjua vizuri. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha bitana, akafunga duka mapema.

Jumatano aliwahi dukani, akachukua chaki ya kukatia, akaandika ukutani pembeni ya kioo. Si kazi tatu. Aliandika moja: Mwalimu. Simu akaitupia kwenye droo ya nyuzi. Alikuwa anafunga mlango, mkasi na futi kamba mkobani, mwanamke mmoja akatokea na mfuko.

"Fundi, nimeona picha zako! Naomba na mimi, ya Ijumaa."

"Siwezi, mama."

Neno lilitoka kama jiwe kwenye kiatu. Yule mama alishangaa kidogo, akauliza basi lini, akaambiwa wiki ya pili ya mwezi ujao, akasema sawa, akaenda zake. Bi Vifungo alibaki na ufunguo mkononi, haamini kwamba ni jambo jepesi namna ile.

Sebuleni kwa Mwalimu palikuwa na maboksi ya vitabu vya shule, na kitambaa kilikuwa juu ya meza ya chakula, kamba yake bado imefungwa.

"Nimeshampata fundi mwingine," Mwalimu alisema kabla hajasalimiwa. "Anakuja saa nane kunipima."

Bi Vifungo hakuketi. Alipiga moyo konde.

"Sikuja na sababu, Mwalimu. Nimekuja kusema ukweli, na sijauzoea, kwa hiyo utanivumilia. Kitambaa chako sijakigusa. Wiki tano. Kila mgeni aliyeingia nilimweka mbele yako. Mgeni naogopa ataondoka asirudi. Wewe sikukuogopa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Yaani mimi nimekaa mwisho kwa sababu nakupenda."

"Ndiyo."

Nje jirani aliburuta ndoo.

"Basi niogope kidogo," Mwalimu akasema. Alichukua simu akampigia yule fundi mwingine, akamwomba radhi, asije. Kisha akafungua kamba mwenyewe. "Kata hapa hapa. Nakutazama."

Alipimwa upya, na heri alipimwa, maana kiuno kilikuwa kimepungua kuliko daftari la vipimo lilivyosema, na Bi Vifungo hakuuliza, alirekebisha tu. Kitambaa kilikatwa juu ya meza ya chakula, Mwalimu ameketi mkabala, mikono mapajani, kama anasimamia mtihani.

Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa alishona hilo tu. Binti wa dada aliacha sabuni zake akaketi mlangoni kuwapokea watu, akiwa na agizo moja: asimdanganye mtu yeyote.

"Nguo yako haijakatwa," aliwaambia mmoja mmoja. "Itakatwa Jumatatu, utaipata Alhamisi."

Mmoja alisonya akachukua kitambaa chake. Wengine walisimama wakatoa macho. "Haijakatwa? Kweli kabisa?" aliuliza muuza vyombo, na akarudi dukani kwake anatabasamu, akawasimulia wateja wake kwamba leo ameambiwa ukweli na Bi Vifungo. Mumewe alipopita na mkate, aliambiwa suruali yake itatoka Jumatano. Alisema atakuja na mashahidi.

Jumamosi asubuhi Bi Vifungo alikuwa chumbani kwa Mwalimu, amepiga magoti kwenye zulia, pini mbili mdomoni, akiweka sawa pindo. Gauni lilikuwa limekaa. Mabega yalisimama, kiuno kilitulia, zambarau ile iliyokaa imekunjwa wiki tano kwenye mfuko ilishuka hadi kwenye viatu bila kujikunja mahali. Huko nje gari la shule lilikuwa limefika, watu wanaita. Mwalimu aligeuka mbele ya kioo upande huu, akageuka upande ule, akasogea karibu zaidi. Fundi aliogopa. Aliogopa kweli, kuliko alivyowahi kumwogopa mgeni yeyote.

"Usidhani nimesahau," Mwalimu alisema akimtazama kupitia kioo. "Nimekukasirikia, na nitakukasirikia hadi Jumatatu."

Bi Vifungo aliinua macho.

"Jumatatu nakuletea kitambaa kingine. Mtu akistaafu kwani haendi tena kwa fundi wake?"

Alitaka kujibu, lakini pini zilikuwa bado mdomoni, na machozi yalishaanza kudondokea kwenye pindo, kwa hiyo akaitikia kwa kichwa tu, akainama akamalizia kazi.