Jina la Mpigaji wa Kushoto

Waliohusika hasa tulikuwa saba, wengine walikuwa watazamaji na wasichana wa shule wa kujazia kiwanja. Nilikuwa mimi. Alikuwa binti yangu wa kwanza, aliyekuwa amemaliza shule mwaka uliotangulia. Alikuwa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, aliyetoka Matiliku asubuhi ili nisikae peke yangu na wasiwasi. Alikuwa mwalimu aliyemfundisha binti yangu mpira wa wavu. Alikuwa msichana wa Kalamba, ambaye mama yake tuliimba naye kanisani. Na walikuwa wageni wawili wa Nairobi: kocha wa timu ya kampuni moja, na mchezaji wake mmoja, mwanamke mrefu sana. Majina yao wote ninayo hapa kichwani, na ya baba zao pia, lakini siyaandiki kwa sababu hawajaniruhusu. Jina lenye kesi ni moja tu, na hilo pia sitaliandika, kwa sababu ni langu.

Ilikuwa Emali, kiwanja cha shule, mwaka uliofuata ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Timu ile ilitafuta seta mmoja, na waliojaribiwa walikuwa wawili, binti yangu na yule wa Kalamba. Seta ni yule anayesimama karibu na wavu. Mpira wa pili ni wake kila mara, na yeye ndiye anayeamua nani ainuliwe mpira ili apige. Akichukuliwa, anaandikwa kazi na kampuni, asubuhi ofisini, jioni mazoezini. Mume wangu alikuwa amekubali binti yetu ajaribu siku ile moja. "Wakimkataa," aliniambia, "Jumatatu anaenda Kitui kwa dada yako kushona nguo, na hayo mambo ya kuruka na kaptura yameisha." Binti yangu alisikia akiwa jikoni.  Alipepeta mbaazi mpaka zikawa safi, kisha akaendelea kuzipepeta.

Kocha alisimama na kitabu chake kidogo.

"Mwalimu, hawa wawili wana vidole vya kuinua mpira?"

"Wanavyo."

"Sawa. Mimi nataka kujua mtu anaamua saa ngapi." Akawageukia wasichana. "Kila mmoja mipira kumi. Mpira ukiwa bado vidoleni, nisikie jina la mpigaji. Siku ya mechi tunatumia ishara, leo nataka jina. Kwa sauti."

Wapigaji walikuwa watatu. Katikati na kulia waliwekwa wasichana wa shule. Kushoto akasimama yule mwanamke mrefu, namba nne mgongoni. Ng'ambo ya wavu wakapangwa wa kuzuia.

Alianza msichana wa Kalamba. Sauti yake ilifika stesheni ya reli. "Huyu anaweza kuita mkutano wa chifu bila kipaza sauti," wifi akaninong'oneza. Mpira wa pili aliita jina la yule mrefu, na mimi nikageuka nikidhani naitwa.

"Kaa, si wewe," wifi akacheka. "Kumbe mna jina moja!"

Nami nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Msichana yule alifanya vizuri, lakini mimi niliona aliita jina kwanza, ndipo akaangalia. Mara mbili aliita mtu ambaye tayari alikuwa amezuiwa. Kocha akaandika.

Ikafika zamu ya wangu. Mpira wa kwanza, katikati, jina likatoka vizuri. Wa pili, kulia, vizuri. Wa tatu, wa kuzuia wote walikimbilia kulia, na yule mrefu akabaki peke yake kushoto, amejiandaa. Binti yangu alimwona. Mimi mamake najua macho yake. Akageuka, akampa wa katikati. Ukazuiwa. Wa nne, vilevile.

"Namba nne yuko wazi!" kocha akapaza sauti. "Humwoni?"

"Namwona."

"Basi mbona humpi?"

Akanyoosha mikono kuomba mpira mwingine. Kocha akaandika tena, safari hii maneno mengi.

Wa tano akampa, lakini kimya. Yule mrefu hakuwa tayari, mpira ukaanguka. "Jina! Sijasikia jina!" Wa sita akaupeleka kulia, katikati ya mikono mitatu. Wa saba alifungua mdomo, jina likakataa kutoka, na mpira ukamponyoka vidoleni.

"Ni woga wa wageni," mwalimu akamwambia kocha. Mwalimu alikuwa mtu wa mbali, hakujua mambo yetu.

Haukuwa woga. Kwetu kuna kitu tunaita nthoni, ile aibu ya heshima. Mtoto hatamki jina la mama yake, na zaidi mama akiwa amesimama pale hatua tano. Na ni mimi niliyemfundisha. Alipokuwa wa miaka sita, mwenye duka alimuuliza yeye ni wa nani, akataja jina langu mbele ya wazee. Nilimfinya sikio mpaka nyumbani.

"Twende tujifiche nyuma ya choo," wifi akasema. Yeye pia alikuwa ameelewa. "Labda ataweza."

Nikainuka kwenda. Nikaona binti yangu ananifuata kwa macho badala ya kuangalia mpira. Ilikuwa imebaki mipira mitatu. Nikarudi, nikaenda mpaka kwenye mstari. Binti yangu ana jina la mama mkwe wangu, kwa hiyo hata mimi sijawahi kumwita jina lake, namwita mama. Nikapaza sauti:

"Mama! Niite! Niite tu, mimi nimekubali!"

"Nani huyo?" kocha akauliza. "Mama, toka kwenye mstari!"

"Natoka. Aniite kwanza."

Watu walicheka. Binti yangu hakucheka. Mpira wa nane ulikuja, akauinua, na nikasikia jina langu. Lilitoka limepasuka katikati, kama la mtu mwenye kikohozi, lakini lilitoka. Yule mrefu aliupiga ukafika kwenye ua. Wa tisa, tena, kwa nguvu. Wa kumi kocha mwenyewe aliurusha vibaya makusudi, mbali na wavu. Binti yangu alikimbia, akaufikia akiwa amegeuza mgongo, akaita jina langu bila kuangalia, na mpira ukavuka kiwanja chote mpaka kwenye mkono wa yule mrefu.

Yule mrefu alimsogelea binti yangu akamuuliza kwa Kikamba, "Mama yako ana jina langu?" Akaitikia kwa kichwa. Basi mwanamke yule akacheka mpaka akashika magoti.

"Kocha, huyu si mwoga. Ana adabu tu."

"Na tukisajili mwenye jina la shangazi yake?" kocha akauliza.

"Aite namba. Mimi aniite Nne."

Kocha hakucheka. Alimwita binti yangu. "Mpira wa tatu, wa kuzuia walikuwa wapi?" Akamwambia. "Wa sita?" Akamwambia, akiwataja wa kuzuia mmoja mmoja, mpaka yule aliyekuwa ameteleza. Kocha akafunga kitabu.

"Jumatatu aje na sanduku."

Jumatatu ile ile ya Kitui. Msichana wa Kalamba alilia akiwa ameegemea mlingoti wa wavu, na mama yake hakusimama karibu nami kanisani kwa muda mrefu. Mpaka leo anasema nilipaza sauti baada ya mpira wa nane, kwamba wangu alipewa mipira kumi na mmoja na wake kumi. Mimi nakumbuka saba, na nimeihesabu hapa kama ninavyoikumbuka. Lakini nimezeeka. Kama ulikuwa Emali siku ile na ulihesabu, njoo unisahihishe, na kama ni yeye mwenye haki nitaenda Kalamba nimwambie.