Kaswera na Vyumba Vitatu vya Parokia

Ukimwona Kaswera ameinama juu ya madumu ya mawese katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, usidhani ni muuza mafuta tu. Mama huyu ana kazi nyingine, kazi isiyomlipa hata sabuni ya kunawia. Watu wa mji wa Bwera wakikaribia kufukuzwa kwenye vyumba vya kupanga, yeye ndiye hutumwa kuwaona na kuwaandika. Anachoandika ndicho kinaamua nani atapata paa na nani atajijua mwenyewe.

Alivuka mpaka miaka tisa iliyopita, mjane, akitokea Kongo, upande wa Butembo, kitenge kimoja kiunoni na kingine kichwani. Miezi minne alilala kwenye vibanda vya soko, akifukuzwa na mlinzi kila kulipokucha. Wakati huo kila mtu alisaidia kivyake. Parokia iligawa blanketi, msikiti ukagawa blanketi, na halmashauri ya mji nayo, Mungu aisamehe, ikaleta blanketi. Kaswera alikuwa na blanketi tatu na hana pa kuzitandika. Alicheka kwa hasira siku alipopewa ile ya tatu.

Ndiyo maana kamati ya kuwatafutia paa wanaofukuzwa ilipoanzishwa aliingia kwa miguu yote miwili. Wanakaa kila Jumatano katika ukumbi wa halmashauri. Yupo Arthur, afisa wa maendeleo ya jamii, kijana mpole mwenye faili kubwa kuliko kifua chake. Yupo mama Fatumah wa msikitini, mfanyabiashara wa nguo, ambaye akimwendea mwenye nyumba na maneno yake, mwenye nyumba huomba maji ya kunywa. Wapo wanawake wa parokia na mwenyekiti wa bodaboda. Halmashauri huandika barua ya kuomba muda, msikiti hutafuta vyumba vya bei nafuu, parokia ina vyumba vyake nyuma ya kanisa, bodaboda hubeba vyombo bure. Hakuna tena anayegawa blanketi bila kuuliza mwenzake.

Kamati hiyo ina sheria moja iliyotoka kwa Kaswera mwenyewe. Hakuna kumwendea mtu bila taarifa. Arthur alitaka wakaguzi wapite kwa kushtukiza, waone hali ilivyo. Kaswera alisimama siku ile kumpinga.

"Afisa, sisi tulikimbia batu ba kugonga mulango bila kusema," alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mama wa Beni akisikia ngo-ngo-ngo ghafla, anashika batoto anaruka dirisha. Tutume neno siku moja mbele. Ni heshima."

Wakakubali. Nani angebisha?

Basi, mwaka huu mwezi wa tatu, tajiri mmoja aliuza mstari wa vyumba vitano nyuma ya soko. Mnunuzi anataka kujenga maghala ya kahawa. Halmashauri haikuweza kuzuia mauzo, ila barua ya Arthur iliwapatia wapangaji mwezi mmoja. Parokia ilikuwa na vyumba vitatu vitupu, kwa kina mama wenye watoto tu, ndivyo padri alivyotaka. Mama Fatumah akapata kimoja kwa mzee wa Kiislamu wa Mpondwe. Vyumba vinne, familia tano. Nani angebaki?

"Kaswera, nenda wewe," alisema mama Fatumah. "Hao ni watu yako. Mimi wanaweza kunidanganya, wewe hapana."

Kaswera alituma neno, kesho yake akaenda. Familia nne za kwanza hazikuhitaji maelezo. Kwa Thembo paa lilivuja juu ya kitanda. Kwa Yvette watoto walikuwa na kifua. Kwa wawili wengine, afadhali tunyamaze. Chumba cha tano kilikuwa cha Anastasie, mjane kama yeye, kutoka kijiji kimoja karibu na Beni, mwenye watoto wawili, Rachelle na Achille.

Eh! Chumba kilimeta. Viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, meza, redio juu ya meza. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta, wamekaa wima kwenye mkeka. Na harufu ya kuku, jamani, kuku wa kienyeji na ndizi, imejaa hadi uani.

"Karibu, mama. Ikaa," alisema Anastasie. "Mugeni hawezi kutoka kwangu na njaa."

Kaswera alikaa, akanawa, akala. Tangu Pasaka ya mwaka jana hakuwa ameonja kuku. Walizungumza habari za Butembo, za sokoni kule, za mawese kupanda bei. Alipofika kwenye maswali ya fomu, aliuliza huku watoto wakimtazama.

"Mama, mukitoka hapa muko na pa kwenda?"

Anastasie alitazama watoto wake kwanza. "Tutapata. Tuko muzuri, mama. Mungu anatusaidia."

Fomu ina sehemu tatu za kutia alama: hali mbaya sana, hali mbaya, anajiweza. Kaswera alitia alama ya tatu, akashukuru kwa chakula, akaenda zake ameshiba. Njiani hata alijisikia vizuri, kwamba miongoni mwa watu wake kuna mmoja aliyesimama.

Siku ya kuhama bodaboda walikuja asubuhi kama walivyoahidi. Vyombo vya familia nne vikafungwa, vikaondoka. Anastasie alitoka wa mwisho. Alikuwa na godoro moja jembamba, sufuria mbili na dumu la maji. Basi.

"Viti viko wapi?" Kaswera aliuliza.

Yvette, jirani yake, alikuwa anapanda pikipiki na mtoto mgongoni. "Viti ni vyangu, mama. Meza ya Thembo. Redio ya fundi cherehani. Alisema mugeni mukubwa anakuja, tukamuazima."

"Na kuku?"

"Aliuza kitenge chake cha kanisa."

Kaswera alitazama sufuria zile mbili. Si kwamba hakujua! Kwao mgeni akituma neno, mama wa nyumba huazima hata kijiko. Yeye mwenyewe amewahi kuazima viti kumpokea katekista. Kamati nzima ilimtuma kwa sababu hiyo moja, kwamba atajua, naye akakaa pale akinyonya mfupa.

Alimshika Anastasie mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mbele ya batoto bangu, ningesema nini?" Hakusema kwa hasira. Kisha akatabasamu. "Usiogope, mama. Tuko na ndugu kule Kasese."

Kaswera alijua hakuna ndugu. Safari hii alijua kabisa. Lakini vyumba vilikuwa vimejaa, chake mwenyewe analala na wajukuu watatu, na neno lile lilimpa nafuu, akalipokea. Aliwasindikiza hadi kwenye gari la kwenda Kasese, akamnunulia Achille mandazi. Kulipokea neno lile hajisamehe hadi leo, kuliko hata fomu.

Wiki sita zikapita. Mmoja wa wale kina mama akapata kazi Fort Portal, akarudisha ufunguo wa parokia. Jumatano Kaswera alisimama ukumbini akaeleza yote, viti, kuku, alama ya tatu. Mama Fatumah alimsema hadi akamaliza pumzi. "Wallahi, Kaswera, wewe ulikula nyumba ya mutu!" Kisha mama Fatumah huyo huyo akasema chumba kipewe Anastasie, na Arthur akatoa fomu mpya papo hapo.

Kaswera alikwenda Kasese kesho yake. Aliuliza kwa wauza mitumba, kwenye vibanda vya chakula karibu na stendi, kwa Wakongomani wote aliowajua. Mchana alimkuta nyuma ya hoteli ndogo, ameinama juu ya beseni la sahani chafu. Amekonda, macho yameingia ndani. Analala stoo ya mkaa ya hoteli hiyo hiyo.

"Nimekuletea chumba," Kaswera alisema, hata salamu akasahau. "Cha parokia. Njoo leo, na batoto."

Anastasie aliendelea kusugua sahani. "Batoto niliwarudisha kwa mama yangu. Hapa tulikuwa tunalala baraza la duka. Rachelle ni musichana mukubwa sasa, wanaume banapita pale. Nikasema, afadhali kwa bibi yao."

"Kule kule kijijini? Karibu na Beni?"

"Nitawapeleka wapi pengine?"

Kaswera alikaa chini, juu ya gunia. Wiki mbili nyuma redio ilitaja vijiji vya upande ule, vilivyovamiwa na kuchomwa.

"Simu ya mama haiiti," Anastasie alisema. "Siku kumi na tatu."

Kaswera alitoa fomu. Alitia alama mahali pa kwanza, hali mbaya sana, na penye idadi ya watoto akaandika wawili. Bila watoto chumba hakitolewi, na safari hii hakutaka kuandika alichoona kwa macho.

Anastasie alijifuta mikono, akainama, akasoma.

"Futa, mama."

"Watarudi. Tuandike tu."

"Futa. Nikiingia mule kwa majina yao, kila siku batu bataniuliza beko wapi."

Kaswera alifuta. Jumatano iliyofuata chumba kilipewa mama mwingine mwenye watoto wanne, na katika kamati nzima hapakuwa na wa kubisha. Anastasie bado anaosha sahani Kasese. Kaswera aliiomba siku ile namba ya mama yake Anastasie, akaiweka kwenye simu yake. Huipiga kila asubuhi kabla ya kufungua dumu la kwanza sokoni, na bado haijaita.